Ushahidi wa ufufuo: jibu la mtu aliyewahi kuufundisha

Mkuu, umesema mambo mawili makubwa, nami nitayajibu yote, ingawa la kwanza litachukua nafasi kubwa zaidi. Umesema hakuna mkana Mungu aliyewahi kuujibu ushahidi wa ufufuo wa Yesu: mashahidi mia tano, mitume waliokubali kufa, kaburi tupu. Kisha ukaongeza kwamba sisi tulioacha imani tunatafuta tu uhuru wa kutenda dhambi, na mwishoni ukagusia hoja kwamba ulimwengu lazima uwe na chanzo, yaani Mungu.

Kwanza ujue nilikotoka, maana inahusika. Nilikuwa Mkristo wa kweli, si wa jina. Katika ushirika wetu wa wanafunzi nilikabidhiwa darasa la utetezi wa imani. Kazi yangu ilikuwa kuwaandaa wenzangu wajue la kujibu wakiulizwa maswali magumu. Hoja ulizoandika nilizifundisha karibu kwa mpangilio huohuo, na nilizifundisha kwa moyo wote.

Darasa lile lilikuwa na somo kuhusu miujiza ya dini nyingine. Tulijifunza kuuliza: nani aliona? Aliandika lini? Je, yupo shahidi ambaye si mfuasi? Je, habari haikukua kadiri miaka ilivyopita? Ni maswali mazuri sana, na mpaka leo nayatumia. Nilipokuwa naliandaa somo hilo ndipo nilipofika kwa Joseph Smith, mwanzilishi wa dini ya Wamormoni.

Mwaka 1830, huko Marekani, Smith alichapisha Kitabu cha Mormoni, akidai amekitafsiri kutoka mabamba ya dhahabu aliyoelekezwa na malaika. Ndani ya kitabu hicho kuna matamko mawili ya mashahidi kumi na mmoja, kila mmoja kwa jina lake. Watatu wanasema malaika aliwaonyesha mabamba hayo. Wanane wanasema waliyashika kwa mikono yao. Wale watatu wote walikuja kukosana na Smith na kutoka katika kanisa lake, wawili wakarudi baadaye, na bado hatuna tamko lao la hadharani la kuukana ushuhuda ule. Smith mwenyewe aliuawa na kundi la watu wenye silaha tarehe 27 Juni 1844, akiwa mahabusu katika mji wa Carthage, Illinois. Darasani kwetu habari hiyo yote tuliimaliza kwa dakika chache: watu walidanganyika, au walidanganya, tuendelee.

Sasa wachukue mashahidi wako mia tano. Wanatoka katika mstari mmoja wa Paulo, 1 Wakorintho 15:6, anaposema Yesu aliyefufuka aliwatokea ndugu zaidi ya mia tano kwa pamoja, katika barua iliyoandikwa katikati ya miaka ya 50. Hakuna jina hata moja. Hatuambiwi ilikuwa wapi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyetuachia neno lake mwenyewe, na Injili zote nne hazilitaji tukio hilo, ingawa lingekuwa kubwa kuliko mara nyingine zote zinazosimulia kwamba Yesu alionekana. Tulichonacho mkononi si mashahidi mia tano. Ni mtu mmoja anayesema kwamba walikuwapo. Najua utakachojibu, maana nilikijibu mimi pia: Paulo anasema wengi wao walikuwa bado hai, kwa hiyo yeyote angeweza kwenda kuwauliza. Lakini Paulo alikuwa Efeso akiwaandikia watu wa Korintho, ng'ambo ya bahari, mbali kabisa na Yerusalemu. Mkorintho huyo angefunga safari akamuulize nani, ikiwa hakupewa hata jina moja?

Kama unamkataa Smith mwenye majina kumi na moja, ni kwa kipimo gani unamkubali Paulo asiyetaja hata moja kati ya hao mia tano? Mkuki kwa nguruwe. Nilitafuta jibu la swali hilo kwa muda mrefu, nikiwa bado naamini na nikiombea nilipate. Kila nililolipata lilikuwa na umbo moja: Smith huchunguzwa kama mwanadamu yeyote, Paulo huaminiwa kwanza halafu ndipo achunguzwe.

Kuhusu mitume kufa: Agano Jipya linasimulia kuuawa kwa mmoja tu wa wale kumi na wawili kwa ajili ya imani, Yakobo nduguye Yohana, katika Matendo 12:2. Ni mstari mmoja, nao hausemi kama alipewa nafasi ya kukana ili aachiliwe. Kwa Petro na Paulo yapo mapokeo ya mapema kwamba waliuawa Roma. Habari za kufa kwa wengi waliobaki zinatoka katika maandiko ya baadaye sana, na mara nyingine zinapingana. Hata kama wote wangeuawa, kufa kunaonyesha kwamba mtu aliamini. Watu wa dini nyingi wamekufa kwa mambo ambayo wewe na mimi tunakubaliana hayakutokea.

Kaburi tupu sasa. Marko ndiyo Injili ya kwanza kuandikwa, na wanazuoni wengi huiweka karibu na mwaka 70, takriban miaka arobaini baada ya tukio. Nakala mbili za zamani zaidi zenye mwisho wa Injili hiyo, Codex Sinaiticus na Codex Vaticanus, zote za karne ya 4, zinaishia 16:8: wanawake wanakimbia kwa hofu wala hawamwambii mtu neno. Mistari ya 9 hadi 20, yenye Yesu anayeonekana, nyoka wanaoshikwa na sumu inayonywewa bila madhara, iliongezwa baadaye. Biblia nyingi za leo zinaliweka wazi jambo hilo kwa mabano au maelezo chini ya ukurasa, lakini sijawahi kusikia mhubiri akilisoma mimbarani.

Tofauti ndogondogo za idadi ya wanawake au malaika hazinisumbui, na wenzangu wanaozishikilia sana nadhani wanapoteza muda. Kinachonisumbua ni Mathayo 27:52–53. Pale tunaambiwa makaburi yalifunguka, miili mingi ya watakatifu ikafufuka, wakaingia katika mji mtakatifu na kuwatokea watu wengi. Wengi! Marko hajui habari hiyo, Luka hajui, Yohana hajui, Paulo hajui. Josephus, mwanahistoria Myahudi aliyezaliwa Yerusalemu karibu na mwaka 37 na kuandika kwa kirefu juu ya mji ule, hana hata neno. Mwaka 2010 Michael Licona, Mkristo na mtetezi hodari wa ufufuo, alipendekeza kwamba pengine mistari hiyo ni lugha ya picha. Alishambuliwa vikali na waamini wenzake, na nawaelewa kwa nini. Ukikubali kwamba Mathayo aliweza kuandika ufufuo wa wengi bila kumaanisha historia, lazima useme ni kanuni gani inayoufanya ufufuo wa sura inayofuata uwe historia.

Hoja ya chanzo cha ulimwengu uliyoigusa mwishoni nitaipita haraka. Aliyeijenga vizuri ni al-Ghazali, Mwislamu aliyefariki mwaka 1111, na aliitumia kwa ajili ya Mungu asiye na mwana. William Lane Craig, mwanafalsafa Mkristo, aliifufua mwaka 1979. Hata ikikubaliwa yote, inakufikisha kwenye chanzo fulani, si kwenye msalaba.

Nilipofikia hapo bado sikuwa nimeacha imani. Nilijiambia akili yangu ni ndogo. Kilichonitoa ni kitu kingine, na sikipendi kukisimulia, ila nadhani unastahili kukisikia. Wazazi wawili katika ushirika wetu walifiwa na mtoto mdogo kwa ugonjwa, nami nikatumwa kwenda kuwafariji, kwa kuwa ndiye niliyekuwa na majibu. Mama yule aliniuliza kwa nini Mungu alimponya mtoto wa mwenzake aliyeugua vilevile, ambaye tulimtolea ushuhuda kanisani. Hoja niliyokuwa nayo ni ya hiari: Mungu ametupa uhuru, na uovu unatokana na uhuru huo. Lakini ugonjwa wa mtoto si hiari ya mtu yeyote. Nilimwambia Mungu ana makusudi. Aliniitikia kwa heshima, na sijui kama maneno yale yalimsaidia hata kidogo.

Baada ya pale nilisoma kila nilichoweza juu ya suala hilo. Nilisoma habari za Lisbon, mji mkuu wa Ureno, tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, ambapo tetemeko liliupiga mji asubuhi watu wakiwa ibadani. Makanisa yaliwaangukia, moto ukaenea, kisha bahari ikapanda. Nilimsoma Alvin Plantinga, mwanafalsafa makini kuliko watetezi wote niliowajua. Alipofika kwenye majanga ya asili alisema inawezekana kimantiki kwamba yanatokana na hiari ya viumbe wa kiroho kama Shetani, na kwamba kwa hoja yake inatosha jambo hilo liwezekane tu. Nilifunga kitabu. Nilielewa kwamba kazi niliyokuwa nikiifanya darasani haikuwa kuuliza kama jambo ni la kweli. Ilikuwa kuuliza kama bado linaweza kuaminika na mtu anayetaka kuliamini. Kwa kipimo hicho hakuna dini duniani itakayoanguka.

Na maombi yamewahi kupimwa. Mwaka 2006 daktari Herbert Benson na wenzake walitoa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa moyo nchini Marekani, uliogharimiwa kwa sehemu kubwa na taasisi ya Templeton, ambayo haina uadui wowote na dini. Kati ya wagonjwa ambao hawakujua kama wanaombewa, walioombewa walipata matatizo baada ya upasuaji kwa asilimia 52, wasioombewa asilimia 51. Waliojua kwa hakika kwamba wanaombewa walipata asilimia 59. Utaniambia Mungu hajaribiwi. Sawa, lakini basi tusisimame madhabahuni kutoa ushuhuda kila mgonjwa anapopona.

Sasa hili la dhambi. Maisha yangu hayakubadilika namna unavyodhani. Sikupata uhuru wa kuiba wala wa kumdhulumu mtu; sikuutaka kabla na siutaki sasa. Nilichopata ni ruhusa ya kusema kwamba jambo baya ni baya, hata likiwa limeandikwa ndani ya Biblia. Kutoka 21:20–21 inasema mtu akimpiga mtumwa wake kwa fimbo akafa papo hapo, aadhibiwe. Lakini mtumwa akiishi siku moja au mbili, bwana wake haadhibiwi, kwa sababu ni mali yake. Darasani nilifundisha kwamba utumwa ule ulikuwa tofauti, wa kulipa deni, wa miaka sita. Walawi 25:44–46 inakanusha hilo waziwazi: watumwa kutoka mataifa mengine wananunuliwa, wanakuwa milki, na watoto wa bwana wanawarithi daima. Mungu aliyeweza kukataza nyama ya nguruwe kwa mstari mmoja alikuwa na nafasi ya kukataza na hili.

Wapo Wakristo waliopigana kuukomesha utumwa, na nawaheshimu sana. Lakini waliowapinga nao walikuwa Wakristo, wakinukuu mistari hiyohiyo niliyoitaja.

Basi ukinijibu, Mkuu, naomba usianze na chanzo cha ulimwengu. Anza na Kutoka 21:21, uniambie kama ni sheria njema. Ukisema ndiyo, sina la kukushawishi. Ukisema hapana, niambie umetumia kipimo gani kuihukumu, kwa sababu nadhani ni hikihiki ninachotumia mimi.