Maumivu yamepanda kutoka mguuni hadi kiunoni: nikubali upasuaji?

SWALI

Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mama wa miaka 47, fundi cherehani hapa Morogoro. Miaka 5 iliyopita niliinua kiroba cha mahindi nikasikia kitu kama kimekatika kiunoni. Tangu hapo mgongo unatulia mwezi, unarudi mwezi. Mwaka huu mwanzoni, baada ya kushona sare za shule usiku na mchana, maumivu yakashuka mguu wa kushoto, nyuma ya paja, pembeni mwa ugoko, mpaka kidole gumba. Nikikohoa naona moto. Nilipigwa picha ya MRI Dar es Salaam, nikaambiwa diski, ule mto laini kati ya pingili ya 4 na ya 5, imetoka inabana neva (mshipa wa fahamu), na pingili nyingine zimechakaa. Daktari wa upasuaji alinieleza kuwa upasuaji ni njia mojawapo, nikafikirie, nirudi baada ya wiki 6.

Sasa mguu hauumi kama mwanzo. Maumivu yamepanda, yamekaa kwenye tako na kiunoni, na kiuno ndicho kinauma kuliko zamani. Naogopa ugonjwa unapanda kwenda juu. Mume wangu anataka tuuze kiwanja chetu niende India. Jirani ananiambia mgongo ukishapasuliwa hutembei tena, bora nikapige chuku, nichanjwe na kufyonzwa damu. Nimenunua mkanda wa kiuno, nauvaa kutwa. Nameza diklofenaki ya maumivu asubuhi na jioni, sasa ni miezi 4, pamoja na dawa yangu ya presha. Je, nikubali upasuaji? Niache kushona? Nina watoto 3 wanasoma, na cherehani ndiyo ada yao.

Mama Fundi, Morogoro

JIBU

Marahaba mama fundi, na pole sana. Nina miaka 23 katika kazi ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, na kwenye barua yako kuna maneno niliyoyarudia mara tatu: mguu umepungua, kiuno kimezidi. Wewe umeyaandika kwa hofu. Mimi nimeyasoma nikafurahi.

Neva inayobanwa pale kwenye pingili ya 4 na ya 5 haiumii pale pale tu. Hupeleka maumivu kule inakokwenda, ugokoni, juu ya wayo, hadi kidole gumba, kama ulivyoeleza mwenyewe bila kufundishwa na mtu. Inapoanza kuachiwa, maumivu hurudi nyuma kwa njia ile ile: kidoleni hadi gotini, gotini hadi takoni, mwisho yanabaki kiunoni. Na yakishafika kiunoni huweza kuuma zaidi kwa muda. Sisi tunaokaa na wagonjwa wa mgongo kila siku hatua hiyo ndiyo tunayoisubiri. Yanayonikosesha raha ni maumivu yanayoshuka.

Ila kuna jambo moja nataka tulihakikishe kwanza, maana maumivu yanaweza kupungua huku mguu unalegea, na hiyo si nafuu. Leo jioni vua viatu, simama karibu na ukuta, utembee kwa visigino hatua 10, vidole vikiwa vimeinuka juu. Kisha kaa, inua vidole gumba vyote viwili, mumeo avibonyeze kwenda chini huku wewe unashindana naye. Kama wayo wa kushoto unaanguka, au kidole cha kushoto kinakubali upesi kuliko cha kulia, rudi kwa daktari kesho, usisubiri hizo wiki 6. Na ikitokea mkojo umekataa kutoka au unatoka wenyewe, choo hukihisi, au umepata ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani, pale ambapo mtu hugusa tandiko la baiskeli akikaa, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Hapo upasuaji hauna mjadala.

Nitakuuliza pia maswali ambayo hukuyagusa. Unapungua mwili? Una homa za jioni, jasho usiku, maumivu yanayokuamsha hata ukiwa umelala vizuri? Kifua kikuu hakikai mapafuni peke yake. Huingia kwenye pingili kikazila polepole, na nimewaona watu waliochuliwa mwaka mzima kumbe ni TB ya mgongo. Inatibika kwa vidonge, na katika vituo vya serikali dawa zake ni bure. MRI yako ingeonyesha kitu cha namna hiyo, kwa hiyo sikutishi. Nauliza kwa sababu wengine wanaosoma ukurasa huu hawajapimwa chochote.

Sasa hiyo picha yako. Neno "zimechakaa" limewavunja moyo wagonjwa wangu wengi kuliko maumivu yenyewe. Mtu anatoka kwenye kipimo akitembea kama amebeba mayai. Mwaka 2015 watafiti walikusanya vipimo vya watu zaidi ya 3,000 wasioumwa mgongo kabisa. Katika wale wa miaka 40 hivi, 68 kati ya kila 100 walikuwa na diski zilizochakaa, na 50 kati ya kila 100 diski zilikuwa zimevimba kutoka mahali pake. Hawa hawakuwa na malalamiko yoyote! Kwa umri wako, kuchakaa huko ni kama mvi. Diski iliyotoka na kubana neva ni habari nyingine, hiyo naiheshimu, lakini hata hiyo mara nyingi hunywea yenyewe kwa miezi, mwili ukiimeza kidogo kidogo. Nadhani ndicho kinachoendelea kwako, ingawa siwezi kuapa bila kukuona.

Kuhusu upasuaji, jirani yako amekosea, na mumeo ana haraka. Upasuaji wa diski si hukumu ya kiti cha magurudumu; wengi husimama siku hiyo hiyo au kesho yake. Hatari zipo, kama vidonda kuingia wadudu au neva kuguswa, na daktari wako anapaswa kukueleza zote kwa uwazi. Lakini elewa kazi yake: unaondoa kile kinachobana neva, kwa hiyo anayefaidika zaidi ni mguu. Kiuno kinachouma peke yake upasuaji huo hauna ahadi nacho. Uholanzi waliwafuatilia wagonjwa 283 wenye maumivu makali ya mguu kama yako, matokeo yakatoka mwaka 2007. Nusu walipangiwa kupasuliwa mapema, nusu wakaanza na tiba ya kawaida. Waliopangiwa kupasuliwa walipata nafuu ya mguu haraka zaidi, na hilo si jambo dogo kwa mtu asiyelala. Baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa yamelingana. Katika kundi la kusubiri, kama watu 4 kati ya 10 waliishia kupasuliwa hata hivyo, kwa sababu mguu uligoma. Kwa hiyo milango yote miwili ni halali. Kama mguu wako ungekuwa bado unawaka mpaka kidoleni ningekwambia kaongee na daktari kwa moyo mweupe. Mguu unaopona wenyewe sioni sababu ya kuukimbiza kwenye kisu.

Kiwanja msiuze. Hata siku ikifika ya kuhitaji upasuaji, unafanyika hapa hapa nchini. MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, Dar es Salaam, wanafanya upasuaji wa mgongo.

Kitu ambacho kwenye barua yako kimenitisha kweli si diski. Ni diklofenaki mara mbili kwa siku kwa miezi 4 kwa mtu mwenye presha. Dawa hiyo hupandisha presha, huweza kuipunguzia nguvu dawa unayomeza kuishusha, huumiza figo na huchimba vidonda tumboni bila kelele. Watu huinunua duka la dawa kama wanavyonunua chumvi, hakuna anayewauliza. Nakuomba wiki hii uende kliniki yako ya presha, useme wazi unameza nini na tangu lini, upimwe presha na figo, na uwaulize namna ya kuiacha na nini cha kutumia badala yake. Dawa ya presha usiiguse, endelea nayo. Na choo kikiwa cheusi kama lami, usisubiri miadi, nenda hospitali siku hiyo.

Mkanda? Uvue. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno, na mikanda imo kwenye orodha ya vitu lisivyovishauri. Chuku sitagombana nayo kama vifaa ni safi na wembe ni mpya, ila haifiki kwenye diski.

Usiache kushona. Hapa naomba univumilie, nina sababu yangu. Mama yangu mzazi alikuwa mkulima wa mpunga kule Kilombero. Kiuno kilipomshika aliambiwa alale juu ya ubao, asiinuke. Alilala mwezi mzima. Siku alipotaka kusimama, mapaja yalikuwa yamekwisha, nikamshika mikono miwili kama mtoto anayefundishwa kutembea, na kiuno kilikuwa kinauma vile vile. Siku zile hospitali nyingi ziliamini hivyo. Leo tunajua kulala ndiko kunakomaliza mgongo, na kwamba kuuma si lazima iwe ni kuharibika.

Kwa hiyo shona, ila usikae. Kila uzi wa bobini unapokwisha, simama. Usibadilishe ukiwa umeketi. Nenda mpaka mlangoni, weka mikono kiunoni, jiegemeze nyuma taratibu mara 5, halafu rudi. Inua kiti kwa kitenge kilichokunjwa mpaka nyonga ziwe juu kidogo ya magoti, na ukisogeze karibu, ili mguu usinyooke kuifuata pedeli. Meza ya kukatia iweke juu ya matofali ifike usawa wa kiuno chako. Mafundi wengi wanasema kushona kunawaumiza, ukiwatazama unakuta wanaumia wakati wa kukata, wameinama saa nzima na mkasi mkononi.

Asubuhi na jioni lala kifudifudi dakika 3, kisha jiinue juu ya viwiko kama mtu anayesoma gazeti sakafuni, ukae hapo dakika 2. Kiuno kikiuma kidogo, endelea. Maumivu yakianza kushuka mguuni, acha mara moja. Mchana simama na kukaa kwenye kiti mara 10 bila kushika. Na utembee: anza dakika 10 barabara ya tambarare, milima ya Uluguru itakusubiri, ongeza dakika 2 au 3 kila wiki mpaka ufike nusu saa, siku 5 kwa wiki. Australia walijaribu mpango kama huo kwa watu 701 ambao maumivu yao yalikuwa yametulia. Waliotembea, wakiongozwa na mtaalamu, walikaa siku 208 hivi kabla ya maumivu kurudi. Wasiopewa mpango walikaa siku 112. Yatarudi siku moja moja, mama. Ukiyaona usidhani umevunja kitu. Punguza, usisimame kabisa. Na kama hapo Morogoro unaweza kumpata mtaalamu wa fiziotherapia hospitalini, omba rufaa, akuangalie kwa macho yake, maana mimi nakuandikia bila kukugusa.

Mwisho kuna kazi ya fundi. Una daftari la vipimo vya wateja. Fungua ukurasa mpya uandike jina lako, na kila jioni uandike neno moja tu: maumivu yamefika wapi leo. Kiuno, tako, paja, goti, kidole. Pembeni andika dakika ulizotembea. Siku ya kurudi kwa daktari wa upasuaji mpe hilo daftari pamoja na picha ya MRI, na mwombe alisome kabla hajaiweka picha kwenye taa.