Friza la samaki linafaa kutunzia mbegu za kiume?

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi kijana wa miaka 26 niko Kigoma mjini, nauza samaki pale Kibirizi. Mwezi uliopita nilitolewa korodani moja, majibu yakaja ni kansa, sasa wiki mbili zijazo naanza dripu za kemo. Sijaoa ila mchumba yupo na mahari nshapeleka nusu. Kuna braza kaniambia kemo inaua mbegu kwahiyo nigandishe zangu mapema, na mimi friza la kazi ninalo. Inawezekana? Na kidini si haramu? Kijana wa Kibirizi.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Braza wako kasema kweli kwenye kugandisha, ila hilo friza liachie migebuka. We mwenyewe unajua, mgebuka ukiganda taratibu halafu umeme ukakatika ukayeyuka, nyama inalegea, inatoa maji, ukibonyeza kidole kinazama. Ni vipande vya barafu vimechana nyama kwa ndani, na mbegu nazo zinachanwa hivyo hivyo. Friza la kawaida linafika nyuzi 18 hivi chini ya sifuri, wakati mbegu zinakaa kwenye mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, ule ule mtungi unaofuka moshi mweupe ambao wataalamu wa uhimilishaji wa ng'ombe (kumpandikiza jike mbegu bila dume) wanatembea nao. Na kabla ya kuganda zinachanganywa na dawa yenye gliserini, ndo hiyo hiyo mnayopaka miguu ikipasuka, inazuia barafu isizichane. Siri hiyo iligunduliwa Uingereza 1949, na mimba za kwanza za mbegu zilizogandishwa zikapatikana Marekani 1953, kwahiyo sio kitu cha majaribio. Hata hivyo nyingi zinakufa wakati wa kuyeyusha, nusu hivi, ndo maana ukipata nafasi unatoa mara mbili au tatu, kila mara ukiwa umekaa siku mbili mpaka tano bila kumwaga.

Sasa muda ndo unaonitia wasiwasi. Inatakiwa utoe KABLA ya dripu ya kwanza, sio ya pili, ya kwanza. Kesho asubuhi nenda kwa daktari wako wa kansa mwambie "nataka kuhifadhi mbegu kwanza", wengine hawakwambii mpaka uulize (hili linaniudhi kweli, mtu anaambiwa nywele zitanyonyoka halafu habari ya watoto hakuna anayeigusa). Usijaze kikopo Kigoma ukampa kondakta wa basi, mzigo unatakiwa ufike maabara ndani ya saa moja, kwahiyo safari ni yako mwenyewe. Piga simu kwanza kwenye kliniki za kupandikiza mimba za Dar, uliza kama wana mtungi wa kuhifadhia na wanatoza shilingi ngapi kwa mwaka, maana hela ya kuhifadhi hailipwi mara moja ikaisha. Watakupima ukimwi, homa ya ini na kaswende, na utajaza fomu inayouliza ukifa zifanyweje, usishtuke.

Haramu? Masheikh wengi wanaruhusu mbegu za mume zitumike kwa mkewe mkiwa ndani ya ndoa, asiingie mtu wa tatu, ila kamuulize wa kwenu Ujiji akufafanulie.

Ukikosa nafasi au hela usikate tamaa, korodani moja inatosha kuzalisha na wengi mbegu zao zinarudi baada ya kemo, mwingine mwaka, mwingine miaka miwili au zaidi, wapo pia ambao hazirudi. Wakati wa dripu tumia kondomu, na baada ya hapo msitafute mtoto mpaka daktari aruhusu, mara nyingi ni kama mwaka.

Na mchumba mwambie yote haya kabla hujapeleka ile nusu ya mahari iliyobaki.