Maswali ya Wapenda Senema: Usiihukumu Picha kwa Kosa la Runinga

*Asalaam aleikum. Nimemtafutia nyanya Mother India, picha ya Kihindi aliyoipenda ujanani. Alipoiona kwenye TV yetu mpya alisema, "Huyu si Nargis, Nargis hakuwa mnene hivi." Je, nimeuziwa nakala mbovu?*
*– Msomaji wa Mkomani, Lamu*

Waaleikum salaam. Nyanya yako ana macho mazima, na huenda nakala nayo ni nzima. Kilichomnenepesha Nargis, mwigizaji mkuu wa picha hiyo, ni TV. Picha hiyo ilitoka 1957, na umbo lake ni upana wa 1.37 kwa kimo cha 1. Kioo chako ni 1.78 kwa 1. TV ikilazimishwa kujaza kioo chote, huvuta kila kitu kwa upana karibu asilimia 30, na kimo kikabaki vilevile. Ukitaka kuhakikisha, subiri mkokoteni wa ng'ombe upite, kisha usimamishe picha na utazame gurudumu. Likiwa kama yai, basi picha imevutwa.

Shika rimoti, fungua sehemu ya ukubwa wa picha, uchague 4:3 au "Original". Usichague "Zoom": hiyo haimnenepeshi mtu, lakini inakata juu na chini, na karibu robo ya picha inapotea. Pembeni patabaki milia miwili myeusi. Iacheni, maana si kasoro. Ikiwa kwa 4:3 watu wanakaa sawa lakini vichwa bado vimekatwa, basi aliyetengeneza nakala hiyo alikata kabla yenu. Kwa hilo hakuna dawa ila kutafuta nakala nyingine.

Mkishaiweka sawa, rudini mwanzo kabisa, pale mwanamke mzee anaponyanyua bonge la udongo na kulisogeza usoni. Tazameni mikunjo ya uso ule na nyufa za udongo ule, vyote viwili katika fremu moja. Picha nzima ya dakika 172 imefungwa pale, na ukiivuta au kuikata unaiharibu.

*Kwa nini muvi mpya za gharama kubwa kwangu zinaonekana kama video ya harusi? Halafu mazungumzo siyasikii, ila bomu likilipuka jirani wanaamka.*
*– Msomaji wa Maweni, Malindi*

Hayo ni mambo mawili, kila moja na dawa yake. Senema hupigwa picha 24 kwa sekunde, na jicho limezoea mtikisiko ule mdogo. Video za harusi na za habari aghalabu hupigwa 50 au 60. TV za siku hizi hubuni picha zisizokuwepo na kuzichomeka katikati ya zile 24 ili mwendo uteleze. Matokeo yake, taa za studio zinaonekana ni taa, na ukuta wa mbao unaonekana ni mbao. Jina la kitufe hutegemea kampuni: LG huita TruMotion, Sony huita Motionflow, na Samsung waliita Auto Motion Plus. Kizime kabisa, usikipunguze tu. Ikiwa TV yako ina "Filmmaker Mode", washa hiyo, nayo itazima mengi kwa mpigo.

Sauti: muvi mpya nyingi huwa na njia sita za sauti, na maneno ya waigizaji hupita zaidi ile ya katikati. TV yako ina spika mbili tu. Ikipokea njia sita na isizichanganye vizuri, maneno humezwa. Ingia kwenye mipangilio ya sauti ya kifaa kinachocheza muvi, si ya TV peke yake, uchague "Stereo" au "PCM". Kukiwa na "Night Mode", iwashe, kwani hupunguza milipuko na kuinua minong'ono. Picha za zamani zenye njia moja ya sauti hazina tabu hii, ndiyo maana hata kwenye spika ndogo kila neno linasikika.

*Marehemu baba akisema stelingi Thakur alimuua jambazi Gabbar kwa miguu. Mimi Sholay niliyoiona, polisi wanafika na kumkamata. Nani mkweli?*
*– Msomaji wa Langoni, Lamu*

Nyote wawili. Ramesh Sippy, mwongozaji wa Sholay, alimaliza picha kwa Thakur kumuua Gabbar kwa viatu vyenye misumari. Ilikuwa 1975, India iko chini ya hali ya hatari, na wakaguzi hawakutaka polisi mstaafu ajichukulie sheria mkononi. Mwisho ukapigwa upya, polisi wakaletwa. Tazama urefu: yenye mwisho wa kwanza ni ya dakika 204. Nakala iliyokarabatiwa yenye mwisho huo ilionyeshwa Bologna, Italia, Juni 2025.

Sisi tunasimama na baba. Thakur amekatwa mikono, na anamwambia Gabbar kwamba nyoka hukanyagwa kwa miguu. Polisi wakiingia hapo, neno lile linabaki linaning'inia.

*Tunataka kuonyesha picha darini kwa watoto wa mtaa. Tuna projekta ya kukopa na shuka. Tujihadhari na nini?*
*– Kina dada wa Shela, Lamu*

Shuka kwanza. Upepo wa kusi utaipepesha, na uso wa mwigizaji utacheka na kulia bila yeye kutaka. Ukuta uliopakwa chokaa nyeupe ni bora, hata ukiwa na vijishimo. Mkikosa ukuta, kazeni shuka pande zote nne kwenye fremu ya mbao. Kufunga juu peke yake hakutoshi.

Umbali: projekta nyingi za kawaida huhitaji mita 1.5 kwa kila mita 1 ya upana. Mkitaka picha ya upana wa mita 2, wekeni projekta mita 3 kutoka ukutani. Iwe juu ya meza, ikitazama ukuta moja kwa moja. Mkiiinamisha, picha itapanuka upande mmoja kama sketi, na kuinyoosha kwa kitufe kunapunguza ukali wake.

Anzeni baada ya Isha, giza limeshakolea, tena si usiku wa mwezi mpevu. Projekta ikitoka chumba chenye AC, iacheni nje nusu saa kabla ya kuiwasha, la sivyo lenzi itashika ukungu. Msizibe matundu ya feni, na mkimaliza msichomoe umeme mpaka feni isimame yenyewe.

Spika ikae chini ya picha, iunganishwe kwa waya. Kwa Bluetooth sauti huweza kuchelewa, midomo ikafunga kabla neno halijafika. Na kwa onyesho la hadhara, waulizeni kwanza KFCB, bodi ya Kenya ya kuainisha filamu, kuhusu leseni.

Picha ya kuanzia ni Supa Modo ya Likarion Wainaina, 2018. Ina dakika 74, Kiswahili kingi, na kijiji kizima kinachotengeneza filamu kwa ajili ya mtoto mgonjwa, Jo. Mwisho wake ni mzito. Wakalisheni wadogo karibu na wakubwa wao.