Ukienda Guangzhou, mzigo usubiri kwanza

Wanaonipigia simu kabla ya safari huuliza mambo mawili: kitambaa bei gani, na kontena linachukua muda gani kufika Dar. Mji wenyewe ukoje, hakuna anayeuliza. Nawaelewa. Nauli ni hela nyingi, na wengi wetu hatuendi China kutalii. Lakini Guangzhou ukishaifahamu inakupunguzia gharama, na usipoifahamu utanunua kila kitu kupitia kwa mtu wa kati uliyekutana naye kwenye lifti ya hoteli, na chake atakiweka juu ya kila mita. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza huwaudhi watu: siku mbili tatu za mwanzo usinunue kitu. Tembea.

Anayetoka kwetu akishuka uwanja wa ndege wa Baiyun, mara nyingi hupelekwa moja kwa moja mtaa wa Xiaobei. Sina ugomvi na Xiaobei. Hoteli zimezoea pasipoti zetu, mawakala wa mizigo wamejaa, kuna migahawa ya Waafrika, Waarabu na Waturuki, na jioni huchukui muda kusikia Kiswahili barabarani. Lala hapo ukipenda. Tatizo ni pale mtu anapolala Xiaobei, anakula Xiaobei, ananunua Xiaobei, kisha anarudi nyumbani kusimulia China. Mji huu kwa sensa ya mwaka 2020 una watu zaidi ya milioni 18. Xiaobei ni kona yake moja tu.

Kitu cha kujifunza mapema ni treni ya chini ya ardhi. Ilianza mwaka 1997, leo inafika karibu kila unakohitaji, na nauli inaanzia yuan 2. Majina ya vituo yameandikwa pia kwa herufi zetu, kila njia ina rangi na namba yake, na kabla ya kuingia mkoba wako unapitishwa kwenye mashine ya ukaguzi. Teksi tumia usiku au ukiwa na mzigo, na simuni uwe na picha ya jina la hoteli yako kwa maandishi ya Kichina. Ukimtamkia dereva hilo jina kwa lafudhi ya Kariakoo, mtazunguka. Juu ya ardhi kuna mabasi ya mwendokasi yaliyoanza 2010, miaka sita kabla ya yetu ya Dar. Panda japo mara moja, halafu utakaporudi ukisimama Kimara saa moja asubuhi uwe na cha kulinganisha.

Sasa masoko. Siri ya Guangzhou, ambayo wala si siri, ni kwamba kila bidhaa ina mtaa wake. Nguo za jumla ziko kuzunguka stesheni kuu ya reli, Baima na majengo jirani. Viatu na saa ziko barabara ya Zhanxi, hapohapo karibu. Mikoba na bidhaa za ngozi, nenda upande wa Sanyuanli. Midoli, mapambo ya sherehe na vikorokoro vya dukani, barabara ya Yide, ambayo pia inanuka kamba na samaki wakavu kwa sababu wauzaji wake wako hapohapo. Shisanhang ni soko la nguo za fasheni, na hilo ni la alfajiri: ukifika baada ya chakula cha mchana utakuta watu wanafunga. Vigae na fanicha haviko Guangzhou kwa kweli, viko Foshan, mji wa jirani uliounganishwa nayo kwa hiyohiyo treni ya chini ya ardhi. Mtu anayekwambia atakuuzia vigae, nguo na taa kutoka ofisi moja ya ghorofa ya saba, huyo ni wa kati.

Mimi ni wa vitambaa, kwa hiyo nitakaa kidogo Zhongda. Soko liko kusini ya mto, karibu na Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen, na ukishuka kituo cha Lujiang kwenye njia namba 8 utajua umefika kwa pikipiki za umeme zilizobeba majora hadi dereva haonekani. Ukubwa wake ukikukuta hujajiandaa utakata tamaa: jengo baada ya jengo, ghorofa baada ya ghorofa, mmoja anauza lesi tu, mwingine zipu tu, mwingine vifungo tangu mlangoni hadi ukutani. Usiingie na hela. Ingia na daftari. Sampuli ndogo zimetundikwa dukani, na wenye maduka wengi watakukatia kipande bure ukiomba. Kipige stepla kwenye kadi ya biashara ya duka, andika namba ya jengo, ghorofa na kibanda, na bei aliyokutajia. Jioni ukirudi hotelini tandaza vipande kitandani, utashangaa vitambaa vitatu vilivyo sawa vimetajwa kwa bei tatu.

Uliza kila mara bei ni ya nini. Kitambaa kilichofumwa kawaida huuzwa kwa mita au yadi, lakini kile cha kuvutika, cha fulana na madira mepesi, huuzwa kwa kilo. Mtu akilinganisha bei ya kilo na bei ya mita anajidanganya. Na kuna bei ya mita chache za kujaribu, na bei ya majora mengi. Ya kwanza iko juu, hilo ni la kawaida, usigombane. Taja tangu mwanzo kiasi unachotaka, naye ataandika tarakimu kwenye kikokotoo, wewe utaandika yako, na biashara itakwenda bila neno la lugha yoyote. Kupunguziwa kupo, ila si kwa mtindo wetu wa kuanzia nusu ya bei. Kwenye jumla faida ya mita moja ni ndogo, na ukitaja nusu anakuona hujui biashara, basi anarudi kwenye simu yake.

Ukishakubaliana, utaratibu uliozoeleka ni kulipa asilimia 30 kwanza, na iliyobaki bidhaa ikiwa tayari. Hapo ndipo watu hulegea. Kabla ya malipo ya mwisho nenda ghalani, au mtume mtu unayemwamini, fungua marobota unayoyachagua wewe, si yale ya juu anayokuonyesha. Pima upana wa kitambaa. Angalia rangi mwangani, nje, maana taa za dukani zina uongo wake. Mzigo mdogo utasafirishwa kwa kuchangia kontena, na utalipia kwa ujazo, yaani mita za ujazo, kwa hiyo vitu vyepesi vinavyochukua nafasi kama mito na magodoro vinakula nauli vibaya. Na bidhaa zenye nembo bandia za makampuni makubwa zipo, tena utafuatwa nazo barabarani. Achana nazo. Tume ya Ushindani (FCC) wakizikamata Dar zinateketezwa, na hasara yote inabaki kwako.

Simu ishughulikie ukiwa bado nyumbani. WhatsApp, Google na Facebook hazifunguki kule kwa mtandao wa kawaida, na mtandao wenyewe ndio hautakuruhusu kupakua programu ya kuzifungua ukishafika. Pakua WeChat na uisajili mapema, kwa sababu bila WeChat muuzaji hana pa kukutumia picha wala hesabu. Malipo madogo ni ya simu kila mahali, hadi kwa bibi anayeuza viazi vitamu vya kuchoma. Kadi yako ya Visa inaweza kuunganishwa na Alipay, programu yao ya kulipia kwa simu. Malipo yasiyozidi yuan 200 hayana makato, yakizidi hapo ni asilimia 3. Kwa hiyo soda na treni lipa kwa simu, ila malipo makubwa ya mzigo tafuta njia nyingine. Pesa taslimu bado inapokelewa, ingawa mwenye duka atahangaika kutafuta chenji.

Chakula sasa. Kuna watu wanabeba unga kwenye sanduku, sitawacheka. Lakini wenyeji wa Guangzhou ni watu wa kula, na asubuhi yao ni ya kukaa: chai kwenye birika, na juu ya meza vikapu vidogo vya mianzi vyenye vitafunwa vya kupikwa kwa mvuke. Chukua vya kamba, na chukua mikate laini ya wali iliyokunjwa. Uji wao wa mchele ni wa chumvi, wenye samaki au nyama ndani, na kwa mtu aliyesafiri usiku kucha sijui dawa nyingine. Mwislamu awe macho, nguruwe anaingia kwenye vingi, hata mchuzi wa mboga. Tafuta migahawa ya tambi za kuvutwa kwa mkono ya Waislamu wa Kihui, yaani Wachina wa kabila la Hui, yenye neno halali kwa Kiarabu mlangoni. Ipo mitaa mingi, bei ni nafuu na sahani inajaa.

Hapohapo niseme jambo ambalo wafanyabiashara wetu wengi huliruka. Mji huu umepokea wageni wa Bahari ya Hindi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Shuka Ximenkou, njia namba 1, utembee hadi msikiti wa Huaisheng, wenye mnara laini wa mviringo wa mita 36 hivi ambao inasimuliwa uliwaongoza pia mabaharia mtoni. Upande wa bustani ya Yuexiu kuna msikiti mwingine wenye kaburi ambalo Waislamu wa China wanasimulia kuwa ni la sahaba Saad bin Abi Waqqas. Wanahistoria hawakubali, wanasema alifia karibu na Madina. Lakini Ijumaa nenda ukaone: Wachina, Waarabu, Wasomali, Wahausa, watu wetu, na nje wauza nyama ya kuchoma na mikate. Mnara wa Canton (Canton ni jina la zamani la Guangzhou) wenye mita 600 utauona tu bila kwenda, uko kwenye kila picha.

Kuhusu serikali yao, usifanye mchezo. Tembea na pasipoti yenyewe, kwa sababu askari hukagua, na mitaa ya Waafrika hukaguliwa zaidi. Hoteli itakuandikisha polisi, lakini ukilala kwa rafiki ni jukumu lako kujiandikisha ndani ya saa 24. Viza ikiisha ukabaki, faini ni yuan 500 kwa siku hadi 10,000, na unaweza kuwekwa ndani. Waafrika waliokaa kule muda mrefu hawajasahau Aprili 2020, wengi walipotolewa kwenye nyumba walizopanga wakati wa korona. Jamii yetu kule ni ndogo kuliko zamani. Hilo halinizuii kwenda, na wauzaji ninaofanya nao kazi ni watu wa heshima, ila sitamdanganya mtu kwamba utapokewa kwa tabasamu kila mlango.

Tarehe zipange kwa kalenda yao. Mwaka Mpya wa Kichina huangukia kati ya mwisho wa Januari na Februari, na viwanda hufungwa kwa wiki kadhaa. Wiki ya kwanza ya Oktoba nayo ni likizo. Maonyesho ya biashara ya Canton, yanayofanyika tangu 1957, huwa mara mbili kwa mwaka, kuanzia Aprili na kuanzia Oktoba, na wakati huo hoteli hupanda bei sana. Kama huendi kwenye maonyesho, epuka majira hayo. Machi ni mwezi wa unyevunyevu, kuta zinatoka maji na nguo hazikauki. Novemba na Desemba ndiyo hali ya hewa ya kutembelea masoko bila kulowa jasho.

Na ukivutiwa kuchungulia Hong Kong kwa treni ya kasi, ambayo ni chini ya saa moja na nusu tu, kwanza angalia viza yako. Kuingia Hong Kong kunahesabika umetoka China bara. Kama ni ya kuingia mara moja, hurudi tena Guangzhou, hata kama mzigo wako bado uko ghalani na sanduku liko hotelini.