Maswali ya Wasomaji: Duka la Mchezo Limejaa, Penalti Bado Zinaganda

Swali kutoka Wete, Pemba

Ndugu Mhariri, assalaam alaykum. Mimi ni kijana wa hapa Wete, nina kibanda kidogo cha gemu chenye televisheni mbili na mashine mbili, na vijana wa skuli huja baada ya alasiri kucheza mpira kwa kulipia kila mechi. Tangu mfungo uliopita mchezo wetu mkubwa una kasoro moja: mechi ikifika kwenye penalti, picha huganda, nikalazimika kuizima mashine na kuiwasha upya. Mteja hudai fedha yake, nami humrudishia kwa kuwa haki ni yake. Nimenunua bando na kupakua masasisho mara tatu, na kila mara kinachoongezeka ni jezi mpya, wachezaji wapya wa kulipia na tangazo la duka, lakini penalti zinaganda vilevile. Inakuwaje kampuni ipate muda wa kutengeneza vitu vya kuuza, ikakosa muda wa kutengeneza kilichoharibika? Na mimi nifanye nini?

Jibu

Wa alaykumu salaam, ndugu yangu. Majina ya mchezo na ya kampuni uliyoyataja tumeyaondoa, kwa sababu swali lako linahusu michezo mingi na kampuni nyingi. Malalamiko yako ni ya haki. Nasema hivyo kabla ya kueleza lolote, maana wengi wanaojibu swali kama hili huanza kwa kuwatetea waundaji wa michezo, wakamwacha aliyelipa fedha yake akijiona kuwa ndiye asiyeelewa.

Lipo jambo moja ambalo waundaji husema, nalo ni kweli. Anayechora jezi na anayetafuta chanzo cha mchezo kuganda ni watu wawili wenye ujuzi tofauti, na mchoraji akikaa bure mwezi mzima, penalti zako hazitapona kwa sababu hiyo. Fundi wa programu naye hana pa kuanzia mpaka kasoro hiyo aione ikitokea mbele yake. Inawezekana kuganda huko hutokea kwenye toleo moja tu la mashine, au pale mtandao unapokatika katikati ya mechi kama unavyokatika kwetu, na aliyeko ofisini ng'ambo, penye mtandao usiokatika, atacheza mikwaju mia bila kuona kitu. Akishaiona na kuirekebisha, ni lazima ahakikishe kwamba hakuharibu kona wala kadi nyekundu, kisha sasisho lipelekwe kwa kampuni yenye mashine ili likaguliwe kabla ya kuruhusiwa kukufikia.

Ukaguzi huo zamani uligharimu fedha nyingi kiasi cha kuwafanya watu waache kasoro makusudi. Mwaka 2012 Polytron, kampuni ndogo ya Montreal nchini Kanada, ilitoa sasisho la mchezo wake Fez kwa ajili ya Xbox 360, mashine ya Microsoft, ikagundulika kwamba sasisho hilo linaharibu kumbukumbu za mchezo za baadhi ya wachezaji, wasiofika hata mmoja katika mia. Kuwasilisha sasisho jingine kwa Microsoft kulihitaji malipo ambayo Polytron ilisema yangefika makumi ya maelfu ya dola, na kwa hivyo ikaamua kuliacha lilelile lenye dosari. Mwaka uliofuata ikajulikana kuwa Microsoft imeiondoa ada hiyo. Kampuni ndogo ya mwaka 2012 naweza kuielewa. Kampuni kubwa ya leo, inayotoa masasisho matatu yenye jezi na wachezaji wa kulipia, haiwezi kujificha nyuma ya sababu hiyo, kwa kuwa masasisho hayo nayo yamepita kwenye ukaguzi uleule, na marekebisho ya penalti yangeweza kupanda chombo hichohicho.

Hapo ndipo ninapoungana nawe kikamilifu. Mafundi ni tofauti, lakini anayeamua nani aajiriwe, wangapi wawekwe kwenye marekebisho na wangapi wawekwe dukani, ni mwenye kampuni. Nahodha ambaye mashua yake inavuja, akamlipa mchoraji apambe omo kabla ya kumlipa fundi wa kukalafati, hawezi kuwaambia abiria kwamba mchoraji hajui kukalafati. Abiria hawakumwuliza mchoraji.

Nikupe mfano ambao kwangu unaeleza jambo hili kuliko maelezo yoyote. Mchezo wa Grand Theft Auto Online ulitoka mwaka 2013, na wachezaji wa kompyuta waliupata mwaka 2015. Kwa miaka mingi walilalamika kwamba kuufungua tu huchukua dakika kadhaa, na wengi wakadhani kompyuta zao ni dhaifu. Mapema mwaka 2021 mchezaji mmoja asiye mfanyakazi wa kampuni aliamua kuchunguza mwenyewe, akakuta kwamba muda huo mwingi unapotea katika kusoma faili moja lenye ukubwa wa megabaiti 10, na faili hilo, ndugu yangu, lilikuwa orodha ya bidhaa za duka la ndani ya mchezo. Lilikuwa na vitu kama 63,000. Programu ilikuwa ikifanya kazi kama karani anayeandikisha majina kwenye daftari, ambaye kabla ya kuandika jina jipya hurudi kulilinganisha na kila jina lililotangulia, mpaka akafikia milinganisho karibu bilioni 2 isiyo na faida yoyote. Mchezaji huyo alitengeneza dawa yake, na kwenye kompyuta yake muda wa kufungua mchezo ukashuka kutoka dakika 6 hadi chini ya dakika 2. Rockstar, waundaji wa mchezo huo, walikubali kwamba amesema kweli, wakatoa sasisho katikati ya Machi 2021, na wakamlipa dola 10,000.

Duka lilikuwa likikua mwaka hadi mwaka, na lenyewe ndilo lililokuwa likiwachelewesha wateja mlangoni. Kazi iliyohitajika haikuwa kubwa, maana mtu mmoja, bila hata kuwa na maandishi asilia ya programu, aliimaliza. Kilichokosekana ni mtu wa ndani aliyeambiwa, "Acha mengine yote, tafuta kwa nini watu wanasubiri."

Wapo pia waliopanga mambo kwa utaratibu unaostahili, ingawa baada ya aibu. Konami, waundaji wa mchezo wa mpira wa PES, walipoondoa jina hilo na kuleta eFootball tarehe 30 Septemba 2021, mchezo ulikuja na nyuso zilizoharibika na wachezaji wanaokwenda visivyo, na kampuni ikaomba radhi ndani ya siku chache. Novemba mwaka huo ikafuta kifurushi cha wachezaji ambacho watu walikuwa wamekilipia mapema, ikarudisha fedha, na toleo la 1.0 likaahirishwa hadi tarehe 14 Aprili 2022. Miezi sita na zaidi ni mingi kwa anayesubiri, lakini kurudisha fedha ya kifurushi wakati mchezo haujawa tayari ni adabu ya biashara ambayo ningependa kuiona kwa wengine.

Sasa kuhusu kibanda chako. Kwanza usiendelee kupoteza fedha: wakati unasubiri, weka mechi za aina inayokubali sare, na kama vijana wanataka mshindi, wacheze mechi ya pili fupi. Pili, jaribu kucheza mpaka penalti huku umeutoa mtandao kwenye mashine. Zikipita salama bila mtandao, umeshapata dalili ambayo fundi wa kampuni anaihitaji sana. Tatu, uandikie ukurasa wa msaada wa kampuni, na usiandike tu kwamba mchezo ni mbovu, kwa sababu barua za namna hiyo huzipata kwa maelfu na hazimsaidii fundi. Taja aina ya mashine, nambari ya toleo la mchezo inayoonekana kwenye skrini ya mwanzo, aina ya mechi, mkwaju wa ngapi, mara ngapi katika kumi, na kama mtandao ulikuwapo. Rekodi kwa simu dakika moja ya tukio lenyewe uiambatanishe, na Kiingereza chepesi kinatosha.

Na nne, ambalo nakuomba kwa moyo wote, usinunue jezi wala mchezaji mmoja mpaka penalti zitengenezwe, na katika barua hiyohiyo uwaambie hivyo. Kampuni hupima kila shilingi inayoingia dukani kwake, na wateja wanaponunua mapambo ya mchezo unaoganda, takwimu zake humwambia mwenye mali kwamba kuganda hakumzuii mtu kulipa.

Swali kutoka Kiembesamaki, Unguja

Mimi ni mama wa watoto watatu. Mwanangu wa miaka kumi na moja anacheza gemu kwenye simu yangu, na mchezo huo unasemekana ni wa bure. Mwezi huu nimekuta fedha zimekatwa kwenye kadi ya benki niliyoiunganisha na simu, kidogokidogo, mara kumi na nne. Mtoto anasema alikuwa akifungua masanduku ili apate mchezaji mzuri na hakumpata. Je, hii si kamari? Na fedha yangu nitaipata?

Jibu

Mama yangu, umeuliza swali ambalo serikali kadhaa zimeuliza. Aprili 2018 Tume ya Michezo ya Kubahatisha ya Ubelgiji ilichunguza michezo kadhaa na kuamua kwamba masanduku ya bahati yaliyokuwamo katika FIFA 18, Overwatch na Counter-Strike: Global Offensive yanavunja sheria za kamari za nchi hiyo, na mwanzoni mwa mwaka 2019 Electronic Arts, waundaji wa FIFA, wakaacha kuuza nchini humo pointi za FIFA, yaani sarafu za mchezo za kununulia masanduku hayo. Nchi nyingine kadhaa hazikufika huko. Kwa maoni yangu mtoto anayelipa fedha halisi kwa kitu asichokijua, akakosa, akalipa tena kwa matumaini ya kupata, anafundishwa jambo ambalo sisi wazazi tunalikataza nyumbani, na jina zuri la sanduku halibadilishi kinachofanyika.

Kuhusu fedha, usichelewe hata siku moja. Kama simu ni ya Android na malipo yamepita Google Play, ombi la kurudishiwa linalotumwa ndani ya saa 48 ndilo lenye nafasi nzuri zaidi, na baada ya hapo utaelekezwa kwa waundaji wa mchezo wenyewe. Apple nao wana ukurasa wa kuomba. Eleza wazi kwamba aliyenunua ni mtoto, bila idhini yako, na utaje kila malipo na tarehe yake. Hoja hiyo ina uzito: Desemba 2022 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilitangaza makubaliano ambayo Epic Games, wenye mchezo wa Fortnite, watalipa dola milioni 245 za kuwarejeshea wateja, kwa madai yakiwamo kwamba vitufe vilipangwa kwa namna iliyowafanya watu wanunue kwa kubonyeza mara moja bila kukusudia, na kwamba watoto waliweza kununua bila ruhusa ya wazazi.

Leo hii, kabla ya kulala, iondoe kadi hiyo kwenye simu, au uweke nywila itakayoombwa kwa kila ununuzi. Na mtoto usimpige. Ameshindwa na kitu kilichoundwa na watu wazima wenye ujuzi mkubwa ili ashindwe.

Swali kutoka Chake Chake, Pemba

Nimejiwekea akiba ya kununua mchezo mpya siku ile ile utakapotoka, kwa sababu wanaouagiza mapema wanapewa nyongeza ya bure. Rafiki yangu ananiambia nisubiri. Nani yuko sahihi?

Jibu

Rafiki yako. Mchezo wa Cyberpunk 2077 ulitoka tarehe 10 Desemba 2020 baada ya kusubiriwa kwa miaka, na kwenye PlayStation 4 ulikuwa na kasoro nyingi mno hata Sony, wenye mashine hiyo, wakauondoa dukani kwao siku nane baadaye na kuwarudishia watu fedha. Ulirudishwa Juni 2021. Toleo la 2.0, ambalo wachezaji wengi wanalitaja kama mchezo waliokuwa wameahidiwa, lilitoka bure tarehe 21 Septemba 2023, siku tano kabla ya nyongeza kubwa ya kulipia iitwayo Phantom Liberty. Nawapongeza waundaji wake kwa kutengeneza kwanza ndipo wakauza, lakini aliyelipa siku ya kwanza alisubiri karibu miaka mitatu, na aliyenunua mwaka 2023 alipata mchezo mzima, mara nyingi kwa bei iliyoshushwa.

Ukishindwa kabisa kusubiri, basi soma masharti ya kurudishiwa fedha kabla ya kulipa. Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, hurudisha ndani ya siku 14 iwapo hukucheza zaidi ya saa 2. Kwenye duka la PlayStation, ukishaanza kupakua mchezo, haki hiyo hukupotea isipokuwa mchezo wenyewe uwe mbovu. Kwa hivyo usibonyeze kupakua kabla hujaona wengine wakiucheza kwenye mashine kama yako hasa, wala si kwenye kompyuta ya gharama inayotumiwa katika matangazo.