Mama na mwana hawatazamani mezani: kosa liko wapi?

SWALI: Nimekuwa msaidizi wa mwongozaji kwa miaka mitatu, sasa naongoza tamthilia ya televisheni kwa mara ya kwanza. Tumepiga tukio la chakula cha usiku: mama na mwanawe wanagombana, baba na binti wamekaa pembeni. Mhariri anasema shoti haziungani. Kwenye klozapu (shoti za karibu za uso), mama na mwana wote wanatazama kulia, utadhani kuna mtu wa tatu. Nyumba tumeshairudisha kwa mwenyewe. Nifanyeje?

JIBU: Kamera imevuka mstari. Chukulia kuna uzi umevutwa kutoka macho ya mama hadi macho ya mwana. Shoti zote zilitakiwa zipigwe upande mmoja wa uzi huo, ndani ya digrii 180. Hapo mama angetazama kulia kwa fremu na mwana kushoto.

Kwa picha ulizonazo, mwambie mhariri aipindue klozapu ya mwana, kulia kuwe kushoto. Kisha kagueni vizuri: maandishi kwenye kalenda au fulana, saa ya ukutani, vifungo vya shati, mlango unaoonekana kwenye masta, yaani shoti pana ya tukio zima. Zaidi ya yote, angalieni mkono. Ikiwa alikuwa anamega ugali, baada ya kupinduliwa atakuwa anakula kwa kushoto, na watazamaji wetu wataliona hilo kabla ya jambo lolote. Katika hali hiyo kateni fremu juu ya meza, ubaki uso na mabega tu.

Ikishindikana, weka katikati ya klozapu hizo mbili shoti isiyo na upande, ya sekunde moja au mbili: mkono ukimega tonge, au bakuli la mchuzi likisogezwa. Hiyo mnaweza kuipiga popote mkiwa na kitambaa kilekile, sahani zilezile na nguo zilezile. Mtazamaji akirudi kwenye uso, jicho limeshaachia mwelekeo wa kwanza.

Watu wanne mezani ni kazi ngumu kwa sababu kila wawili wanaozungumza wana mstari wao. Usihangaike na yote. Shika mstari wa ugomvi, wa mama na mwana. Binti akiingilia, mwache mwana ageuze kichwa ndani ya shoti; mgeuko huo ndio unaokupa ruhusa ya kuhamia mstari mpya. Njia nyingine ni kuisogeza kamera ivuke huku inarekodi, mtazamaji akiona. Chora meza, viti na kamera kwenye karatasi usiku wa kuamkia kazi, umpe mpiga picha nakala.

Siku yenyewe piga masta kwanza, halafu maliza shoti zote za upande mmoja kabla ya kugeuza taa, maana muda mwingi huliwa na taa. Klozapu za wanaojibizana zitumie lenzi ileile na umbali uleule, kamera ikiwa usawa wa macho ya aliyekaa. Anayesikiliza akae karibu kabisa na lenzi, upande uliouchagua, hata kama haonekani. Akiwa ameshaondoka, bandika kipande cha utepe kwenye stendi, kimo cha macho yake. Ukimpiga mtu yuleyule mara ya pili, sogeza kamera angalau digrii 30 na ubadilishe ukubwa wa picha, la sivyo picha itaruka.

Acha kamera irekodi sekunde 5 kabla ya kusema “anza” na 5 baada ya neno la mwisho, na kabla ya kufungasha rekodi sekunde 30 za ukimya wa chumba.