Kwa wanagenzi wa dawati la tafsiri: «prorogue» si kuvunja Bunge

Wiki hii nimepokea tena rasimu ya kijana mgeni inayosema Bunge fulani la ng'ambo «limevunjwa», ilhali matini ya Kiingereza ilisema «prorogued». Nilishindwa kumkaripia, kwa kuwa kosa hilo nililifanya kabla yake.

1. Fungua kamusi hata kwa neno unaloamini unalijua.

2. Tenganisheni vitenzi vitatu. Bunge likiahirishwa, miswada husubiri. Likivunjwa, viti huwa wazi na uchaguzi hufuata. Lakini mkutano wake, yaani kipindi chake cha vikao, ukifungwa kwa «prorogue», wabunge hubaki wabunge, ila miswada mingi ambayo haijapita hufa. Sikuyajua hayo tarehe 28 Agosti 2019, Malkia Elizabeth alipoidhinisha ombi la Boris Johnson, Waziri Mkuu wa Uingereza wakati huo, la kufunga mkutano wa Bunge. Zikiwa zimesalia dakika nane kabla ya taarifa ya habari, niliandika «Malkia avunja Bunge la Uingereza». Mhariri wa zamu akaniamini, na msomaji wa habari akalitangaza kosa langu kwa sauti yake nzito. Hata habari za michezo hazijafika, simu ikalia. Alikuwa mwalimu mstaafu, mwenye upole unaouma kuliko matusi: «Mwanangu, na uchaguzi wao ni lini?» Nami, ndugu zangu, simu ikiwa begani, nikaanza kumtafutia tarehe ya uchaguzi ambao haukuwapo! Masahihisho yalisomwa saa iliyofuata, na msomaji, aliyebebeshwa aibu yangu, hakunisemesha hadi Jumatatu.

3. Chimbueni asili. Kilatini «prorogare» kilimaanisha kurefusha muda, na Warumi walikitumia kwa kamanda aliyeongezewa kipindi cha madaraka. Kiingereza kilikipokea kupitia Kifaransa katika karne ya 15 kikiwa na maana hiyohiyo. Kurefusha kukageuka kusogeza mbele, na hatimaye kitenzi kikabaki karibu mali ya Bunge peke yake. Ni kusogeza mbele, si kuvunja; ndiyo maana majaji 11 wa Mahakama ya Juu ya Uingereza walipotamka kwa kauli moja, tarehe 24 Septemba, kwamba hatua ile ilikuwa batili, wabunge walirejea kesho yake bila kura yoyote kupigwa. Kwa tafsiri yangu, ningelazimika kuandika kwamba majaji wameliunga Bunge lililovunjika.

4. Msidhani ni mambo ya London tu: kifungu cha 59 cha Katiba ya zamani ya Kenya kilimpa Rais mamlaka mawili, kufunga mkutano wa Bunge na kulivunja, kila moja kwa kitenzi chake, hivyo atakayefasiri nyaraka za kabla ya 2010 atakutana nacho. Mimi huandika «kufunga mkutano wa Bunge».

Rasimu ya kijana nimeirudisha, na pembeni nimeandika kwa wino mwekundu: «Na uchaguzi wao ni lini?»